Samaki Mlinzi na Kamba Mchimbaji

Tukisikia habari za bahari wengi wetu twafikiri papa, nguru na nyangumi. Katika somo hili twatazama walio wadogo, wakaao chini mchangani na penye miamba ya matumbawe. Wataalamu huwaita gobi. Aina zao zapita 1,500, na wengi wao hawazidi urefu wa kidole cha mkono.

1. Maumbile yao. Samaki wengi wana mfuko wa hewa mwilini uwazuiao wasizame. Gobi wengi hawana mfuko huo, kwa hiyo wasipoogelea hutua chini. Tena mapezi yao mawili ya tumboni yameungana yakawa kama kikombe. Kwa hicho wengi hujishikiza jiweni, mawimbi yasiwachukue.

2. Ushirika wao. Katika Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, hata pwani yetu ya Afrika Mashariki, wako gobi wakaao tundu moja na kamba. Kamba ndiye mchimbaji. Mchana kutwa hutoa mchanga, kwa maana kuta za tundu hubomoka daima. Lakini macho yake ni mafifu. Gobi naye aona vema, ila hana viungo vya kuchimba tundu kama lile. Basi gobi hukaa mlangoni akilinda, na kamba kila atokapo humgusa kwa ndevu zake ndefu. Adui akikaribia, gobi hutikisa mkia, na kamba hurudi ndani mara moja. Hatari ikizidi, gobi naye hujitupa tunduni. Usiku wote wawili hukaa ndani. Mlinzi asipokuwapo, kamba hathubutu kutoka. Na mlinzi asiye na tundu hana pa kukimbilia.

3. Siku zao. Mwaka 2005 wataalamu wa Australia walitangaza habari za gobi mmoja aitwaye Eviota sigillata, ambaye maisha yake hayapiti siku 59. Majuma matatu ya kwanza huelea baharini angali mchanga; kisha hushuka mwambani, hukomaa kwa juma moja au mawili, na siku zilizosalia ni za kuzaa. Dume huyalinda mayai mpaka yaanguliwe. Kwake yeye juma moja si kitu kidogo.

4. Yatupasayo. Samaki wakubwa tuwapendao, kama chewa, hula samaki wadogo wa mwambani. Avuaye kwa baruti, jambo lililokatazwa na sheria ya Tanzania, hupata kapu moja la samaki leo, naye huvunja nyumba ya wadogo na chakula cha wakubwa. Mwamba uliovunjika haurudi upesi. Watoto wetu ndio watakaokuta maji matupu.

Maswali ya kujifunza:
(a) Gobi hujishikizaje jiweni?
(b) Kamba ampa gobi nini, naye apewa nini?
(c) Katika kijiji chenu, ni nani mchimbaji, na ni nani mlinzi wa mlango?