Somo la Mwezi: Shore, Mpanzi wa Misitu

Masomo ya kusoma kwanza: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Zaburi 104:10-18, Mathayo 10:29-31.



Katika somo hili twajifunza habari za ndege ambaye karibu kila mmoja wetu humwona, lakini ni wachache wamjuao vyema. Ndege huyo ni shore. Tumemchagua kwa sababu ameshtakiwa. Wenye mipapai na mipera humwita mwizi, na watoto humpiga kwa manati bila kukatazwa na mtu. Basi kabla ya kumhukumu, haki yataka tusikilize pande zote mbili.

1. Shore ni ndege wa namna gani?

Urefu wake ni sentimeta 18 hivi. Kichwa chake ni cheusi, na manyoya ya utosini husimama kidogo kama kishungi. Mgongo ni wa rangi ya udongo, tumbo ni jeupe, na chini ya mkia ana doa la manjano. Kwa alama hiyo ya manjano hata mtoto mdogo aweza kumtambua. Hukaa vichakani, pembeni mwa misitu na katika bustani zetu. Jamaa yake ni kubwa, na wengine katika jamaa hiyo, wenye rangi ya kijani-kijani, hukaa ndani kabisa ya msitu.

Alfajiri yeye ni mmoja wa ndege wa kwanza kuimba. Tena ni mlinzi: aonapo nyoka au bundi hupiga kelele bila kukoma, na ndege wengine huja kumsaidia. Mwenye nyumba mwenye busara asikiapo kelele hizo hutazama vizuri kabla ya kupita chini ya mti huo.

Mume na mke hukaa pamoja. Kiota chao ni kama kikombe kidogo cha nyasi na vijiti, katika panda ya matawi. Jike hutaga mayai mawili au matatu, yenye madoadoa. Baada ya wiki mbili hivi makinda hutoka, na wazazi wote wawili huwalisha, hasa wadudu.

2. Mashtaka na majibu yake

Ni kweli, shore hula matunda yetu. Papai likianza kuiva, yeye hulijua kabla ya mwenye shamba. Ni kweli pia kwamba husambaza lantana, kile kichaka chenye miiba kilicholetwa kutoka Amerika, ambacho huharibu malisho. Hatutaficha mambo haya.

Lakini tutazame upande wa pili. Shore hula pia viwavi, mchwa na wadudu wengine. Na amezapo tunda dogo la msituni, tumbo lake halisagi mbegu. Mbegu hupita upesi na kuangushwa mahali pengine, ikiwa nzima. Kwa sababu hiyo, mti mmoja ukiachwa katikati ya shamba lililolala, baada ya miaka michache twaona chini yake miche ya namna nyingi ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Ndege walitua pale kupumzika, wakaacha mbegu. Haba na haba hujaza kibaba.

Na ndege wakipungua, je? Jambo hili limechunguzwa katika misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Wataalamu wawili, Norbert Cordeiro na Henry Howe, walifuatilia mti mmoja uitwao Leptonychia, ambao mbegu zake huchukuliwa na ndege, baadhi yao wa jamaa ya shore wakaao msituni. Katika habari walizochapisha mwaka 2003 walionyesha kwamba katika vipande vidogo vya msitu ndege hao walikuwa wachache kuliko katika msitu mkubwa. Mbegu chache zaidi zilichukuliwa mbali na mti mama, na miche ikawa michache. Miti mikubwa ilikuwa bado imesimama, lakini watoto wake walikuwa wakipungua. Msitu wa namna hiyo mtu huuona kuwa mzima, kumbe unazeeka bila kuacha kizazi. Na msitu ukiisha, chemchemi zetu ziko hatarini.

3. Neno la Mungu latufundisha nini?

Torati yamwagiza mtu aonaye kiota njiani, mama akiwa amelalia mayai au makinda, asimtwae mama pamoja na wanawe, bali amwache aende zake. Katika agizo hilo dogo Mungu ameweka ahadi ya heri na ya siku nyingi, kama ile iliyo katika amri ya kuwaheshimu baba na mama. Mtu aruhusiwa kutumia vitu vya Mungu, ila asiimalize mbegu ya kesho. Naye Bwana wetu alitaja ndege wa bei ndogo kabisa sokoni, akasema hakuna hata mmoja wao aangukaye pasipo Baba kujua. Ikiwa Baba yu aona, manati ya mwanetu nayo yaonekana.

4. Tufanye nini?

Tuchume mapapai yanapoanza kugeuka rangi, yaivie ndani, au tuyafunike kwa magunia. Tung'oe lantana ikiwa bado changa. Tuache miti michache mashambani na katika viwanja vya kanisa. Na watoto wa Shule ya Jumapili wafundishwe kuhesabu viota badala ya kuvibomoa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Mungu aliambatanisha ahadi kubwa na agizo la kiota?
2. Ni chemchemi gani karibu nasi zitegemeazo msitu, na msitu huo una miche?
3. Je, tumewahi kumhukumu jirani kwa kosa lake tunaloliona, bila kuuliza mema yake tusiyoyaona?

Tuombe: Ee Mungu Mwenyezi, uliyewapa ndege makao katika matawi, utujalie kuitunza kazi ya mikono yako, ili watoto wetu nao wakute kivuli na maji, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.