Wayo na Kiatu

Akimbiaye peku juu ya ardhi ngumu akitua kwa kisigino huumia. Kwa hiyo mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo. Hapo kano ya kisigino huvutika kama upote wa upinde, kisha hujirudi na kumsukuma mbele. Kiatu chenye kisigino kinene hupunguza kishindo, basi wengi wakivaapo hutua kwa kisigino. Tena kiatu kizito huchosha, maana mguu hukiinua kila hatua.

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mara mbili: mjini Roma, mwaka 1960, akiwa peku, na mjini Tokyo, mwaka 1964, amevaa viatu. Kiatu chema humsaidia mkimbiaji, lakini hakikimbii badala yake.

Swali: Kwa nini kiatu chepesi humfaa mkimbiaji?