Mlima wa Homa Si Mlima wa Maradhi

Msafiri wa pwani ashukaye kwa basi kutoka Kisii kuelekea Migori hufika kwanza Rongo. Hapo huanza kutabasamu, kwa maana kwao Mombasa urongo ni uongo, na mrongo ni mtu asiyeaminika. Tabasamu halijaisha, akaona njia iendayo upande wa kulia na kibao kilichoandikwa Homa Bay. Sasa haoni la kuchekesha. Ni mji gani huu uliojipa jina la ugonjwa? Tena neno "Bay" likitamkwa, masikioni mwake ni "bei", kana kwamba huko maradhi huuzwa sokoni kwa kipimo.

Watu wa Rongo na wa Homa Bay hawana hatia yo yote katika jambo hili. Aliyekosea ni msafiri, naye amekosea kama wakoseavyo watu wengi: amesikia sauti anayoijua, akadhani amesikia neno analolijua.

"Bay" ni neno la Kiingereza lenye maana ya ghuba, nalo Waingereza walilipata kwa Wafaransa. "Bei" ya Waswahili ilitoka kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni kuuza. Maneno hayo mawili hayana udugu hata kidogo; yamekutana njiani tu. Lakini neno "Homa" lina hadithi ndefu zaidi, na yafaa kulifuata mpaka kwenye shina lake.

Kaskazini ya mji wa Homa Bay kuna rasi pana itokezayo ndani ya Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria. Juu ya rasi hiyo umesimama mlima wa volkano ya zamani, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,700. Huo ndio Mlima wa Homa. (Kilima chenye ncha kilicho kando ya mji wenyewe ni kingine, nacho huitwa Asego, wageni huvichanganya.) Wajaluo huuita mlima huo mkubwa God Marahuma. Katika lugha yao, Dholuo, "huma" ni sifa au umaarufu. Mtu akitenda jambo kubwa, huma yake huenea. Basi God Marahuma ni Mlima Mashuhuri. Jina hilo halina ugonjwa ndani yake, ila heshima tupu. Na heshima hiyo inaendelea kuongezeka: mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba zana za mawe zilizochimbwa Nyayanga, katika rasi hiyo hiyo, zina umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, nazo ni miongoni mwa zana za kale kuliko zote za namna yake zilizopata kuonekana duniani.

Homa ya Waswahili ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Ni neno la Kiarabu, "humma", nalo limezaliwa katika shina lenye maana ya joto. Shina hilo lina watoto wengi. Mmoja wao ni "hamamu", yaani nyumba ya kuogea kwa maji ya moto. Mtu aliyefika Unguja, katika Mji Mkongwe, huenda amepita mtaa wa Hamamni, palipo na bafu la Kiajemi lililojengwa wakati wa Sultan Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 mpaka 1888. Basi homa ya mgonjwa na Hamamni ya Unguja ni ndugu wa tumbo moja. Lakini homa hiyo na Homa ya Nyanza si ndugu, ingawa zinaandikwa kwa herufi zile zile nne.

Mtu mbishi aweza kusema kwamba chini ya mlima huo kuna chemchemi za maji ya moto. Je, hilo si joto? Ni kweli chemchemi hizo zipo, na ni kishawishi kikubwa. Hata hivyo aliyeupa mlima jina ni Mjaluo, na shahidi wa maana ya jina ni lugha ya aliyelitoa. Kama joto lingekuwa hoja ya kutosha, hata Wahindi wangeweza kuudai mlima huo, maana katika Kisanskriti "homa" ni sadaka itiwayo motoni wakati wa ibada. Waajemi nao wana ndege wa hadithi aitwaye Homa au Huma, ambaye kivuli chake kikimwangukia mtu, husemwa kwamba mtu huyo atakuwa mfalme. Sauti moja, mataifa manne, na kila mmoja ana mali yake.

Nusu ya kwanza ya jina la mlima huo ina mtego wake pia, ila mtego huu humnasa Mwingereza. Akisoma "God Marahuma" kwenye karatasi, hudhani limetajwa jina la Mungu. Katika Dholuo mlima ni "got". Lakini lugha hiyo ina desturi ya kugeuza herufi ya mwisho ya neno linapofungamanishwa na jina jingine. Nyumba ni "ot", bali nyumba ya Owino ni "od Owino". Vivyo hivyo "got" hugeuka "god", na ndiyo maana katika Kaunti ya Migori, pande za Suna, kuna mahali paitwapo God Jope. Mgeni asiyejua desturi hii aweza kufikiri kwamba Nyanza ya Kusini imejaa madhabahu, kumbe imejaa vilima. Wajerumani wangechanganyikiwa zaidi, kwa kuwa kwao Mungu ni "Gott", karibu sawasawa na mlima wa Wajaluo.

Wamisionari wa kwanza walilazimika kuyajua mambo haya mapema. Arthur Carscallen, Mkanada wa kanisa la Waadventista wa Sabato, alifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, akajifunza Dholuo na kuandika sarufi yake. Mtu aendaye kuhubiri katika lugha ambayo "god" ni kilima hawezi kulitumia neno lake la nyumbani. Neno lililoshika mizizi katika makanisa ya Wajaluo ni lao wenyewe, Nyasaye, ambalo majirani zao Waluhya wanalo pia.

Majirani hao wawili wanashirikiana katika neno jingine ambalo humshtua Mswahili kuliko yote. Mama wa Kijaluo akiulizwa mwanawe yuko wapi, aweza kujibu kwamba amelala ndani ya simba. Mswahili aliye mwepesi wa huruma angeanza kutoa pole. Lakini "simba" ya Wajaluo ni kibanda cha kijana asiyeoa bado, kijengwacho ndani ya boma la baba yake. Waluhya nao hukiita "isimba" au "esimba". Mnyama mwenyewe kwa Dholuo huitwa "sibuor", wala hakuna Mjaluo amchanganyaye na nyumba.

Wako watu wasemao kwamba simba wa Waswahili alitoka Bara Hindi, kwa sababu katika Kisanskriti mnyama huyo ni "simha", na ndiye aliye ndani ya jina la mji wa Singapore na jina la Singh la Makalasinga. Maneno hayo yanafanana kweli kweli, na tena maana ni moja, hata mtu mwangalifu aweza kudanganyika. Lakini neno la ukoo wa "simba" linapatikana katika lugha za Kibantu za bara, mbali sana na bandari, na katika baadhi yake ni jina la mnyama mdogo wa jamii ya fungo au paka-mwitu. Mfanya biashara wa Kihindi hakulifikisha huko. Na kwa Washona wa Zimbabwe, "simba" si mnyama wala nyumba, bali ni nguvu.

Yapo pia maneno ambayo ni safi kabisa katika Dholuo lakini hayatamkiki mbele ya wakwe wa Kiswahili. Hayo gazeti haliyaandiki, na wakazi wa Migori, mji ambao Wajaluo, Wakuria, Waluhya, Wakisii na Wasomali hukutana sokoni kila siku, wanayajua bila kufundishwa.

Makosa kama haya mara nyingi huishia katika kicheko. Homa ya Kiswahili yenyewe haiishii hapo sikuzote. Kwa Mswahili wa Unguja au Mombasa, homa ni joto la mwili lililopanda. Pua ikitiririka, hayo ni mafua. Lakini bara ya Kenya watu wengi husema "nina homa" wakiwa na mafua tu, na hata magonjwa ya mafua yaliyokuja kutoka kwa wanyama yaliitwa homa ya nguruwe na homa ya ndege. Neno ni lile lile, katika lugha ile ile, na mwili wa mgonjwa uko katika hali mbili tofauti.

Jambo hilo ni zito katika Migori na Homa Bay kuliko mahali pengi, kwa sababu nchi iliyo kando ya ziwa ina malaria mwaka mzima. Ni katika Kaunti ya Homa Bay ambako chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya, tarehe 13 Septemba 2019. (Neno "malaria" lenyewe limebeba kosa la zamani: ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya, na limebaki vivyo hivyo ingawa tangu Ronald Ross alipofanya uchunguzi wake mwaka 1897 imejulikana kwamba mwenye lawama ni mbu.) Mama aletaye mtoto zahanati akisema "ana homa", na mwuguzi akasikia mafua, mtoto aweza kurudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi, huku malaria ikiendelea na kazi yake katika damu. Kinyume chake nacho kina hasara: mwenye mafua akipewa dawa za malaria bila kupimwa, dawa zimepotea bure na ugonjwa wake haukuguswa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kwanza kabla ya kutibiwa.

Kwa hiyo mwuguzi aliyezoea kazi katika pande hizo haliachi neno homa lipite peke yake. Huuliza kama pua inatoka maji au mwili una moto, na tangu lini. Mgonjwa akiwa Mjaluo, huuliza kwa maneno ambayo hayana pacha: "Dendi liet?", yaani, mwili wako una joto? Akijibiwa ndiyo, huchukua kipima joto, kisha humtoboa kidole.