Mteja amekatwa pesa mara mbili

SWALI: Nimetengeneza programu ya mauzo kwa duka la vifaa vya ujenzi. Mtandao ukisuasua, malipo ya simu huleta ujumbe "Hitilafu imetokea". Keshia hubonyeza tena, na mteja hukatwa mara mbili. Nirekebishe wapi?

JIBU: Umechukulia kukosa jibu kuwa ni kukataliwa. Huenda ombi lilifika, pesa zikakatwa, kisha jibu likapotelea njiani. Malipo yawe na hali tatu: yamekubaliwa, yamekataliwa, hayajulikani. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoisahau, nami nimo.

Kabla ya kutuma, lipe kila ombi namba ya kumbukumbu na uihifadhi kwenye hifadhidata. Jibu lisipokuja, programu iiulize kwanza kampuni ya simu hali ya namba hiyo. Ikilazimika kutuma upya, itumie namba ileile ili mfumo wa kampuni hiyo utambue marudio; hakikisha mapema kwamba unafanya hivyo. Kitufe cha kutoza kifungwe wakati huo wote.

Keshia aone: "Malipo hayajathibitishwa. Usitoze tena." Maelezo ya kiufundi yaende kwenye faili la kumbukumbu, yasimezwe kimya. Programu ikikosea, lawama huweza kumwangukia keshia: Uingereza, mfumo wa kompyuta wa posta uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa pesa usiokuwepo. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa sababu ya upungufu huo. Kwa hiyo mwekee keshia ripoti ya jioni ya malipo yasiyojulikana, ayalinganishe na taarifa ya kampuni ya simu kabla ya kufunga hesabu.