Proteini ya muhindi: kuipima haitoshi, inapashwa kutenganishwa

Tuseme muchuuzi wa mbegu anafika kwenye koperative yenu na karatasi ya laboratwari mukononi: «Muhindi wangu uko na proteini 10 kwa mia.» Anaomba bei ya juu. Mulipe? Bado. Muhindi wa kawaida nao uko na kilo 9 ao 10 za proteini ndani ya kilo 100. Ile karatasi ni sawa na mizani: inasema mufuko una kilo 50, haisemi kama ndani kuna maharagi ao mahindi.

Proteini ni za aina nyingi. Mumarekani Thomas Osborne ndiye alionyesha namna ya kuzitenganisha kwa kuosha unga mara kwa mara, na njia yake ingali inatumika. Punje zinasagwa laini, mafuta inatolewa. Kisha unga unatikiswa ndani ya maji safi, na proteini zinazoyeyuka kwa maji zinatoka. Kinachobaki kinatiwa maji ya chumvi, halafu alkoli, mwisho maji yenye soda kali. Kila mara chupa inazungushwa mbio sana kwa mashini ili unga ushuke chini. Maji ya juu yanamiminwa na kuwekwa kando, yapimwe. Hawaruki hatua. Ukianza na soda, proteini nyingi zitatoka pamoja na hutajua ipi ni ipi.

Kwa muhindi, habari kubwa iko ndani ya chupa ya alkoli. Proteini inayotoka pale inaitwa zeini. Katika muhindi wa kawaida, zeini ni nusu ya proteini yote, mara nyingi zaidi. Na zeini karibu haina lizini wala triptofani, vitu viwili ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Mutoto aliyeachishwa ziwa, akilishwa uji na bugali ya muhindi mutupu, tumbo linajaa lakini hivyo viwili anavikosa. Maharagi inasaidia sana, ila si kila nyumba inayo kila siku.

Mwaka 1964, Edwin Mertz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba muhindi mumoja unaoitwa opaque-2 una zeini kidogo na lizini karibu mara mbili. Lakini punje zake zilikuwa laini kama chaki, wadudu walizipenda. Kule Mexico, kwenye kituo cha CIMMYT, Surinder Vasal alichagua mbegu na Evangelina Villegas akapima sampuli ndani ya laboratwari, miaka mingi, mupaka punje zikawa ngumu. Mwaka 2000 walipewa pamoja Tuzo ya Chakula Duniani.

Sasa tatizo ni hili: muhindi huo unafanana na ule wa jirani. Tena uzuri wake unapashwa kutoka kwa baba na mama. Vumbi la maua likipeperuka kutoka shamba la jirani, punje iliyolipokea inarudi kuwa ya kawaida musimu uleule. Ukitunza mbegu hivyo miaka mitatu, mine, unabaki na jina tu. Kwa hiyo shamba la mbegu likae mbali na muhindi mwingine, angalau mita 200, ao lipandwe wakati tofauti ili maua yasikutane. Mbegu muichume katikati ya shamba.

Kuna pia njia ya umeme. Proteini zinawekwa juu ya kitu kama jeli na umeme unazivuta. Ndogo zinakimbia, kubwa zinabaki nyuma. Wakizipaka rangi, mistari inaonekana, na mustari mumoja wa zeini unafifia kama mbegu ni ya kweli.

Koperative haihitaji mashini hizo. Mukituma sampuli, chukueni konzi kutoka mifuko mingi, juu, katikati na chini, muchanganye. Na kwenye barua muandike wazi: tunaomba kipimo cha triptofani ao lizini, si proteini yote peke yake. Muchuuzi naye mumuulize karatasi hiyo.