Lakabu: Jina Dogo, Hukumu Kubwa

Tukiulizwa lakabu ni nini, wengi wetu huandika "jina la utani", tukaishia hapo. Lakini ziko njia mbili za kubadilisha jina na sifa, na ya pili iliniponza mimi mwenyewe.

Ya kwanza ni kuliacha jina na kushika cheo au sifa. Ukisema "Mwalimu" kule Tanzania, watu wanajua ni Julius Nyerere, aliyefundisha shule kabla ya kuingia siasa. Hapa kwetu "Mzee" alikuwa Jomo Kenyatta. Naye Daniel arap Moi, aliposhika urais mwaka wa 1978 na kuahidi kufuata nyayo za Mzee, akaitwa Nyayo!

Ya pili ni kinyume chake: jina la mmoja huwa sifa ya wengi. Mjanja ni Abunuwasi, mvumilivu ni Ayubu. Tazama Firauni. Kilikuwa cheo cha wafalme wa Misri, watu wakakifanya jina la yule aliyepambana na Musa. Sasa kila mwovu ni firauni, na wakiwa wengi ni mafirauni. Majina ya pekee hayana wingi, lakini hili limeupata.

Tusichanganye na majazi. Majivuno, waziri katika Kusadikika ya Shaaban Robert, hilo ndilo jina lake hasa. Mwandishi alimpa lilingane na tabia.

Sasa kisa changu. Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa zamu aliwajua walioruka ua usiku. Nikamwita mwenzangu mmoja "Yuda". Darasa zima likacheka, wala hakuna aliyedai ushahidi, kwani jina lilikuja na kesi yake yote: busu, vipande thelathini, usaliti. Baadaye ikajulikana ni mlinzi aliyewaona. Nilimwomba radhi, akanisamehe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki: hadi muhula unaisha, wa kidato cha kwanza walikuwa hawajui jina lake lingine.

Basi, ukikutana na jina la namna hii katika riwaya au shairi, usiishie kulitaja tu. Uliza: nani kampa, kwa nini, na je, analistahili? Hapo ndipo alama zilipo. Na ukiwa bwenini, jiulize yayo hayo kabla hujafungua kinywa.