CHEMA CHAJIUZA: SOMO LA KUTAFUTA NYUMBA WAKATI WA LIKIZO

Leo nina somo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya darasani, lakini litakufaa siku utakapoanza kujitegemea. Ni somo la kutafuta nyumba ya kupanga.

Tuanze na maneno. Mwenye nyumba hupangisha, mpangaji hupanga. Kila mwezi mpangaji hulipa kodi, na kabla ya kuingia huweka amana, ile tunayoiita dipoziti. Anayewakutanisha wawili hawa kwa malipo ni dalali.

Sasa sikiliza kisa. Likizo ya Desemba iliyopita, mama aliamua tuhame ili nisitembee mwendo mrefu kuja shuleni. Tulizunguka mitaa ya hapa Nakuru siku 3 hadi viatu vikalalamika. Siku ya tatu dalali akatupeleka kwenye ploti moja yenye milango 12. Lo! Mfereji ulipofunguliwa maji yalibubujika. Choo kilikuwa safi, na kimya kilikuwa kimetanda kote. Nikajiona nikidurusu pale bila bughudha.

"Mama, ukichelewa leo, kesho utakuta kufuli la mwingine," dalali akasema. Mama akalipa kodi ya mwezi mmoja na amana ya kiasi kicho hicho papo hapo.

Januari ilipofika, tulijionea wenyewe. Kumbe kimya kile kilikuwa cha likizo! Wapangaji walikuwa wameenda ushago kula Krismasi. Walirudi na watoto wao, redio zao na mitungi yao. Tangi lililotosha familia 3 sasa lilinywewa na familia 12. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi, mfereji ni mkavu. Mimi niliyehamishwa ili niwahi shule, nikawa naamka saa kumi alfajiri kupanga foleni ya maji, kisha nasinzia katika kipindi cha Hisabati. Mama alipotaka kuhama, akaambiwa amana hairudishwi. Hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha.

Je, tulikosea wapi? Siku ile kulikuwa na nyanya mmoja akichambua sukuma wiki mlangoni pake. Tulimwamkia tu, tukapita. Tungalimwuliza, "Nyanya, maji hapa huwaje watu wote wakiwepo?" tungalijua yote kabla mama hajafungua mkoba.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, shika haya:

1. Hesabu milango, kisha tazama ukubwa wa tangi na idadi ya vyoo. Usihesabu watu unaowaona wakati wa likizo.

2. Muulize jirani, si dalali. Dalali hulipwa ukiingia. Jirani halipwi kitu.

3. Uliza maji yatoka wapi. Hapa kwetu maji mengi ya visima yana floridi, ambayo ikizidi huwatia watoto meno ya rangi ya kahawia.

4. Inua macho utazame dari. Ukija siku ya jua paa halivuji, lakini madoa ya maji hayafichiki.

5. Uliza kama mita ya stima ni yako peke yako au mnachangia.

6. Usitoe hata shilingi kabla ya kumjua mwenye nyumba. Ukitoa, dai risiti na makubaliano yaliyoandikwa, yaseme amana itarudishwa lini na kwa masharti gani.

7. Ikiwezekana, rudi uione tena shule zikifunguliwa, jioni, wakati kila mtu yuko nyumbani.

Mpaka leo tungali pale, mama akiweka akiba kidogo kidogo ya kuhamia kwingine. Safari hii amesema twende pamoja, na mimi ndiye nitakayewauliza majirani.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba yetu ilitembezwa mno! Natua kalamu hapa, kwani nasikia mitungi ikigongana nje. Bila shaka maji yameanza kutoka.